Harusi Iliyosimamishwa Dakika Moja Kabla

Penchalayya aliitumikia stesheni ya Sullurupeta miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo kazi yake kubwa ilikuwa kuomba radhi. Treni ya Nellore imechelewa dakika arobaini, tunaomba radhi. Treni ya Chennai imechelewa saa mbili, tunaomba radhi. Aliyasema kwenye kipaza sauti kwa sauti nzito ya heshima, utadhani anatangaza msiba wa mfalme, kisha akakaa kitini akitafuna masharubu kwa hasira. Mwenyewe hakuwahi kuchelewa popote. Alikuwa na saa mbili, moja mkononi na nyingine mfukoni ya kuichunga ile ya mkononi, na hata alipostaafu aliendelea kwenda jukwaani kila asubuhi kuikaripia treni ya kwanza.

Mtu wa namna hiyo Mungu hamwachi hivi hivi. Binti yake wa pekee, Haimavati, alichumbiwa na kijana wa roketi.

Sisi wa Sullurupeta roketi tumezizoea. Kituo cha kuzirushia kiko kisiwani, ng'ambo ya ziwa, na roketi ikiruka vikombe vinatetemeka kabatini. Tunajua pia kwamba tarehe ya roketi ni maneno ya kuanzia mazungumzo tu. Penchalayya naye alijua, ila jambo hilo halikumhusu mpaka lilipobisha hodi nyumbani kwake.

Kijana aliitwa Kodandam, mpole, mzito wa maneno. Siku ya kurusha roketi kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya kipimo cha presha ya tangi moja na kusema "sawa" au "simama". Basi. Alisoma chuo miaka saba ili alipwe kwa kusema neno moja kati ya mawili, na Haima, ambaye nyumbani kwao hakuwahi kusikia mwanamume akitosheka na neno moja, alimpenda kwa hilo.

Kuhani Avadhani alitazama nyota za wote wawili akawapatia wakati: Alhamisi, saa nne na dakika arobaini na mbili asubuhi. Huku ndoa haifungwi siku fulani, inafungwa dakika fulani. Bibi na bwana harusi wanakaa pande mbili za pazia, kila mmoja ameshika jani la tambuu lenye jira, ile bizari nyembamba, iliyopondwa pamoja na sukari guru, na dakika ikitimia kila mmoja anambandika mwenzake utosini. Hapo wameoana. Yanayobaki ni chakula.

Roketi ilipangwa kuruka wiki moja kabla. Walipoanza kuijaza mafuta, bomba moja likavuja gesi, kidogo tu, pumzi ya mtoto aliyelala. Wakayatoa mafuta yote, wakalifungua bomba, wakalifunga, wakatangaza tarehe mpya. Ilikuwa Alhamisi ile ile ya harusi. Penchalayya alimwita mkwewe mtarajiwa akamuuliza kama dunia nzima haina mtu mwingine wa kukaa kwenye kile kiti. Kodandam alifikiri kwa haki kabisa, akajibu kwamba wako wawili: mmoja ana tetekuwanga, na mwingine amefundishwa na yeye mwenyewe, kwa hiyo hamwamini.

Harusi ikasogezwa hadi Jumatatu ya wiki ya pili yake. Kadi mia nne zikabandikwa kikaratasi juu ya tarehe. Roketi nayo ikasogezwa, maana Alhamisi yenyewe ilipofika kulikuwa na wingu. Penchalayya alipanda juu ya paa kulitazama hilo wingu. Lilikuwa moja, jeupe, halina hata dalili ya mvua. Jioni Kodandam akamweleza kwamba roketi ikipita na ule mkia wake wa moto na moshi huweza kuivuta radi hata kutoka kwenye wingu lisilokuwa na nia mbaya.

"Na hamngeweza kungoja saa moja lipite?"

"Baba, ile setelaiti ni abiria wa kubadilisha treni. Kwa leo, mahali inapokwenda huko juu panapita juu yetu kwa dakika chache. Ikizikosa, inangoja siku nyingine."

Hilo lilimchoma Penchalayya kuliko yote, kwa sababu alilielewa. Siku mbili alizunguka nyumbani akimwambia mkewe Rajyamma, "wingu lisilokuwa na nia mbaya," kwa sauti ya mtu aliyetapeliwa. Siku ya tatu kituo kikatangaza tarehe mpya: Jumatatu, ile ile.

Hapo mji mzima ukaacha shughuli zake. Muniratnam muuza chai akaitundika kadi ya harusi kibandani kwake, juu ya kalenda ya serikali, akawaambia wateja wasijisumbue na matangazo ya kituo, kwa kuwa mzee akipanga harusi roketi nayo imepangwa. Watalii wa Chennai wakawa wanapiga simu nyumba za wageni kuuliza, "Binti wa Bwana Stesheni anaolewa lini?" Mfanyakazi mmoja wa kisiwani alimvizia Penchalayya sokoni, akamwomba kwa unyenyekevu kwamba akipanga tena asichague Ijumaa, maana mwanawe ana mtihani.

Jumatatu nayo ilipita bure, kwa harusi na kwa roketi. Sekunde kumi na nne kabla ya kuwaka moto, ile kompyuta inayoendesha hesabu ya mwisho ilikuta namba moja haipo mahali pake, kati ya maelfu, ikajizima yenyewe bila kumwuliza mtu. Ikabaki Alhamisi moja tu njema, saa nne na dakika ile ile ya arobaini na mbili. Baada yake Avadhani aliona miezi minne mitupu, isiyo na dakika hata moja ya kuozesha paka. Na mjomba wa bwana harusi, Kotayya, mtu aliyezeeka akitafuta ishara mbaya, akasema wazi mbele ya wote kwamba mara mbili ni bahati mbaya lakini mara tatu ni jibu. Wakiikosa dakika hii, uchumba umekufa. Haima alikuwa mlangoni na sinia ya vikombe. Rajyamma alimkuta baadaye amesimama jikoni, bado ameshika sinia.

Roketi nayo ilipangwa Alhamisi hiyo hiyo, lakini kwa bahati ingeruka alfajiri, saa kumi na mbili na dakika kumi. Kodandam angesema "sawa" yake, angepanda basi, angeoga, angefika ukumbini na muda wa kutosha kuona aibu.

Saa kumi na mbili na dakika kumi hakuna kikombe kilichotetemeka. Saa moja, kimya. Saa tatu wageni mia nne walikuwa wamekaa, wapiga zumari wamejaza mashavu, Haima yuko nyuma ya pazia na jani lake mkononi, na kigoda cha upande wa pili kitupu. Saa nne na robo Penchalayya akaingia ofisi ya ukumbi akapiga simu kisiwani. Namba ya chumba cha zamu aliijua tangu enzi za kazi, mizigo ya kituo ilipokuwa ikipitia stesheni kwake. Mkuu wa zamu akapokea.

"Tumesimamisha saa zikiwa zimebaki dakika nne, Bwana Stesheni."

"Saa inasimamishwaje?"

"Ile ya kuhesabu. Imesimama kwenye dakika nne. Tukiridhika tunaiwasha, inaendelea hapo hapo. Nafasi ya leo ni ndefu, mpaka jioni."

"Nani kasimamisha?"

Mkuu wa zamu alikohoa. "Mkweo."

Penchalayya aliona giza. Alisema kuna watu mia nne ukumbini, kuna mjomba, kuna wali wa ukwaju unaochacha, na imebaki nusu saa ya maisha ya mwanawe. Amwambie kijana atazame tena hicho kipimo chake, aseme sawa, ainuke. Kwa nini mtu mmoja azuie watu elfu mbili?

"Ndivyo tulivyopanga, kwamba mmoja atoshe," mkuu wa zamu alisema. "Na hapa aliyesema simama haambiwi afanye haraka. Leo kwa ajili yako naweza kumwambia. Lakini nikishamwambia, akisema sawa, mimi nitajuaje kama ni sawa ya tangi au sawa ya harusi?"

Dirisha la ofisi lilitazama ukumbini. Penchalayya alimwona binti yake, jasho likimtiririka shingoni, mkono umenyooka na lile jani kama mwombaji. Akafikiria ngazi za nyumba ambamo Haima angekuja kuishi, na barabara za magari ya mizigo, na mtoto mchanga mwenye homa ambaye daktari mmoja amesema homa yake si kitu, na akataka kwa roho yake yote awepo ndani ya nyumba hiyo mtu wa kusema simama hata watu mia nne wakimkodolea macho.

"Usimwambie kitu," alisema. "Asiharakishe."

Aliporudi ukumbini ilikuwa saa nne na dakika thelathini na tisa, na Mjomba Kotayya alikuwa ameshavaa viatu. Penchalayya hakumtazama. Alivuta kiti mpaka ukutani, akapanda, akasubiri mshale ufike kwenye dakika ya arobaini na moja, akaichomoa betri ya saa ya ukumbi akaitia mfukoni. Kisha akachukua kipaza sauti cha wapiga zumari.

"Wageni waheshimiwa," alisema, kwa sauti ile ile ya jukwaani. "Bwana harusi atokaye kisiwani amechelewa. Saa imesimamishwa ikiwa imebaki dakika moja. Tunaomba radhi kwa usumbufu."

Avadhani akanyanyuka mkekani. "Penchalayya, nyota hazijasimama."

"Wasomi elfu mbili kisiwani wanazifuata hizo nyota kwa hesabu, kuhani, na saa yao imesimama tangu alfajiri. Wewe unawazidi?"

Avadhani alifungua kinywa, akakumbuka kwamba mwanawe anatafuta kazi kisiwani, akakifunga. Penchalayya akapitisha kikapu cha ndizi mstari kwa mstari, kila mtu atie humo saa na simu yake, kama wafanyavyo kwenye lango la kisiwa. Yeye mwenyewe alizitia zake mbili kwanza. Watu walicheka, lakini walitia. Kikapu kilipofika kwa Kotayya kikakwama. Alisema ni wazimu, na kwamba familia yao haikuja kuchezewa na mzee wa treni.

Nyuma ya pazia Haima akasema, bila kupaza sauti, "Mjomba, tia saa yako kikapuni."

Ukumbi mzima ulimtazama mjomba. Ni jambo gumu kuvunja uchumba mchana kweupe wakati watu wananusa chakula. Akatia.

Wakangoja. Sukari guru ikayeyuka, Rajyamma akalibadilisha jani mara tatu. Wageni wakalishwa, wakalala, wakaamka, wakalishwa tena. Hakuna aliyeuliza saa, maana hakukuwa na mahali pa kuuliza.

Kodandam aliingia akikimbia, nguo za kazi, kitambulisho shingoni, hajaoga. Roketi imesogezwa hadi Jumapili, alisema. Halafu akainamisha kichwa mbele ya Penchalayya. Tangi lilikuwa zima. Presha ilikuwa sawa tangu mwanzo. Kilichoharibika ni kipimo chenyewe.

"Nimewaharibia siku yenu kwa kitu ambacho hakikuwepo, baba."

"Uliposema simama, ulijua hakipo?"

"Hapana."

"Basi kaa kigodani, mwanangu. Umechelewa dakika sifuri."

Penchalayya akapanda tena kwenye kiti, akairudisha betri. Mshale mwembamba ukaanza kutembea. Kwenye thelathini mtoto mmoja alianza kuhesabu kurudi nyuma. Kwenye ishirini ukumbi mzima ulikuwa unahesabu, na kwenye kumi hata Mjomba Kotayya. Avadhani aliwahi kukamilisha dua yake kwenye tatu. Pazia likashuka, mikono miwili ikapanda, na jira na sukari guru vikakaa utosini.

Avadhani akafungua daftari lake, akaandika kwamba Haimavati na Kodandam walioana Alhamisi, saa nne na dakika arobaini na mbili asubuhi. Ilibidi aandike karibu na dirisha, kwa sababu jua lilikuwa linazama.