Siku Nkambo Alipomlilia Mwimbaji wa Rap

Jana nilimkuta mpwa wangu juu ya kochi langu, lile ninaloliacha kwa shida, maana mimi kutoka nyumbani naona kama adhabu. Simu mkononi, visikilizio masikioni, machozi yanamtiririka kimya. Kuchungulia: filamu ya maisha ya yule mwimbaji wa rap aliyeuawa. Ileile ya utoto wetu! Nikacheka. Akaninunia.

Angejua sisi tulivyoilia.

Wakati ule mtaa wetu hapa Kolwezi ulikuwa na televisheni moja, ya jirani yetu, dereva wa lori la machimbo. Jumapili alasiri aliitoa uani, tukabanana juu ya mikeka. Siku hiyo nkambo, bibi yangu mwenye ulimi mkali, alinituma kwake kuomba moto: makaa mawili matatu juu ya kipande cha bati, niwashe mbabula, jiko letu la makaa, tupike ugali wetu, bukari. Nikafika, nikapewa makaa, nikaona kijana kwenye kioo cha televisheni anatoa maneno kama mahindi yanayorukaruka kwenye kikaango. Nikaketi. Makaa yakazima palepale miguuni pangu.

Nkambo akaja na mwiko. Nikajua filamu yangu imekwisha, na sijui hata kama kijana atafika popote. Bahati yangu, mama yake kijana alikuwa anamgombeza, na nkambo hakuweza kumpita mama anayegombeza bila kumsaidia.

"Kweli kabisa, mama, sema naye! Aba batoto habasikiake!"

Akaketi, mwiko mapajani. Kijana alipovaa mikufu ya dhahabu, akamuuliza: "Na mama yako, umemununulia hata kikwembe?" Alipomnunulia nyumba, nkambo akapiga vigelegele, uwanja mzima ukacheza.

Kisha wakampiga risasi.

Nkambo akasimama, akafungua kitambaa cha kichwa, akakaza kikwembe, kitenge chake, kiunoni, akaanza kilio chenyewe, kile cha kutaja wema wa marehemu mmoja mmoja. Wamama wote wakaitikia.

"Mama, ni filimu!" jirani akasihi. "Ule mwenye kucheza yuko muzima, anakula kwabo!"

"Tata, ule mama wa marehemu haumuone? Kilio kimeanguka kwako. Weka maji ku moto. Batu habatokake ku kilio na njala."

Jirani akapika, huku ananung'unika. Tulikula bukari na sombe, majani ya muhogo, nkambo anasimulia utoto wa marehemu kana kwamba alimzaa yeye, watu wanacheka mpaka wanapaliwa. Nami niliona filamu yangu mpaka majina ya mwisho.

Jirani alihamia Tenke. Nkambo naye tulishamlilia, kwa sauti, namna alivyotufundisha. Siku hizi kila mkono una kioo chake, na mtu analia peke yake kama mwenye kuficha pipi.

Nikaenda jikoni, nikabandika maji.

"Tantine, unapika nini? Mi sina njala," mpwa akasema.

"Funga kikwembe," nikamwambia. "Na toa ile bitu mu masikio. Tulie muzuri."