Matanga ya Afande Koti

Gesi iliisha asubuhi kabla maji ya chai hayajachemka, na mjukuu wangu Prosi akavuta kutoka chini ya kitanda lile jiko la umeme la waya wa kujiviringa, nililonunua kwa mafundi wa Katwe miaka mingi iliyopita. Lilikuwa limelala huko na vumbi lake. Alipolichomeka, waya ukaanza kuwa mwekundu, vumbi likaungua, na harufu ikapanda ikanikuta kwenye kiti changu. Kama hamjawahi kukaa karibu na mashine ya filamu ya zamani, harufu hiyo hamtaijua. Si moshi, wala si chakula kilichoungua. Ni vumbi juu ya kitu cha moto sana. Mimi nikiisikia tu, naona haya. Uso unapata joto kama wa mtoto aliyefumaniwa, na mimi huyu nina vitukuu.

Televisheni ilikuwa inaongea peke yake. Mara wakaonyesha picha ya mzungu mwenye koti refu, kola imesimama hadi masikioni, sigara mdomoni haijawashwa. Prosi akaongeza sauti. Mwigizaji wa filamu wa Ufaransa, Lusiani Bravali, amefariki nyumbani kwake akiwa mzee sana.

"Huyu?" nikasema. "Huyu si tulimlilia zamani kule kambini?"

"Jaja, amekufa jana."

"Kwako wewe ndiyo amekufa jana."

Akacheka, akadhani ni utani wa uzee. Kaeni basi niwaeleze ninyi, kwa sababu yeye alikuwa anaharakisha chai.

Nilizaliwa katika kambi ya polisi hapahapa Kampala, upande wa chini, ambako mvua ikinyesha maji yanapita mlangoni kama mgeni aliyealikwa. Baba yangu alikuwa Konstebo Yokana Adraa, Mlugbara, Mkristo wa kusali kila Jumapili. Mama yangu, Halima, alikuwa Mnubi, Mwislamu, na sisi watoto tulikula sikukuu zote bila kubagua. Kambini kulikuwa na Waacholi, Wateso, Wakakwa, Waganda wachache. Tuliunganishwa na Kiswahili, kile chetu cha kambini, ambacho mtu wa pwani akikisikia anashika kichwa.

Gari la filamu lilikuja Jumapili moja moja, mchana. Madirisha ya kantini yalizibwa kwa mablanketi meusi ya polisi, shuka jeupe likatundikwa ukutani, watoto tukakaa mbele kwenye mkeka, na Musoke wa mashine akawasha taa yake. Hapo ndipo harufu ile ilipoanza, ikachanganyika na ya kabalagala, vile vikate vya ndizi mbivu alivyokuwa akikaanga mlangoni Nalongo, mke wa mwenye kantini. Nalongo ni jina la heshima analopewa na Waganda mama aliyezaa mapacha. Wa kwake walikuwa Waswa na Kato, vijana wa umri wangu, na Waswa alikuwa na desturi ya kunikanyaga kidole akipita.

Filamu zilikuwa za Kifaransa. Nani alizichagua, sijui hadi leo. Afande mkuu aliuliza kwenye paredi nani anajua Kifaransa, na baba akainua mkono. Aliwahi kulinda mpaka wa Kongo, na huko aliokota salamu, majina ya vitu vya sokoni na namna ya kumwambia mtu asimame. Basi. Lakini mkono ulikwisha kupanda, na mbele ya afande mkono haushuki hivihivi.

Ikawa kazi yake kusimama kando ya shuka na fimbo yake ya kazini, amevaa uniform iliyonyooka, akitufasiria. Watu wa kwenye shuka wakiongea, aliinua kiganja na kusema, "Subirini, anasema." Akainamisha kichwa, akasikiliza kama daktari anayesikiliza kifua, halafu akatuambia. Alieleza vizuri mno. Mimi kwenye mkeka nilikuwa nikigeuka nyuma kuwatazama watu wakimtazama.

Lusiani Bravali alikuwamo karibu katika kila filamu, na karibu kila mara na koti lile. Sisi tulimwita Afande Koti. Wazo la kwamba kuna mtu ambaye kazi yake ni kujifanya watu wengine halikutuingia. Uso ni ule ule, koti ni lile lile, basi mtu ni yule yule, na baba aliziunga zile filamu zikawa maisha ya mtu mmoja. Katika ya kwanza alikuwa polisi, na mke wake, ambaye baba alimpa jina la Marita, akaondoka na mwenye gari. Katika ya pili alikuwa anavunja benki.

"Mbona polisi anaiba?" akauliza Konstebo Opio kutoka nyuma.

"Subirini, anasema. Anasema amefukuzwa kazi. Fitina ya wakubwa."

"Ee! Hata mimi walinihamisha namna hiyo hiyo!" Kantini nzima ikaguna kwa uchungu, na afande mkuu akajikohoza.

Katika ya tatu wakampiga risasi. Alianguka barabarani kwenye mvua, koti limefunguka, macho yakitazama juu. Baba aliinamisha kichwa kumsikiliza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Anasema mwambieni Marita nimemsamehe."

Hakuna aliyekwenda nyumbani. Wamama wa Kiacholi walipaza kilio palepale. Mama yangu na wenzake wakachemsha kahawa ya tangawizi, ile ya Kinubi, wakaipitisha katika vikombe vidogo. Hayo yalikuwa matanga, jamani, msifikiri nawatania. Baba aliombwa aseme neno, kwa kuwa ndiye aliyemjua marehemu kwa karibu. Akasema alikuwa mtu wa maneno machache, hakupenda ugomvi, na koti lake hakuliazima kwa mtu. Nalongo alilia kuliko wote, aproni usoni, mapacha wake wamemshika kila mmoja upande wake.

Gari liliporudi, Musoke akawasha mashine, na huyo hapo Afande Koti! Mzima, kijana zaidi, hana koti, amevaa aproni imejaa unga, anaoka mikate na kumbusu msichana ambaye si Marita.

Watu waligeuka wakamtazama baba. Halafu Opio akasimama.

"Yokana! Huyu mutu si tulilia yeye?"

"Mimi nilitoa machozi ya kweli, banange!"

"Wanubi wadai kahawa yao!"

Watu wakacheka, lakini cheko lenyewe lilikuwa na meno. Nikamwona baba akiinua kiganja. "Subirini, anasema." Yule wa kwenye shuka alikuwa hata hasemi, alikuwa anapiga mluzi. Baba akasikiliza mluzi ule, akageuka, akasema, "Huyu ni pacha wake."

Aaa! Kila mtu akakaa. Opio mwenyewe akatikisa kichwa kama aliyekuwa anajua tangu mwanzo. Mimi nikavimba kwa fahari.

Kisha sauti ya mafuta ya kukaangia ikakoma mlangoni. Nalongo aliingia na mwiko mkononi, mafuta yakimdondokea kwenye gomesi, gauni lake refu.

"Yokana, umesema nini?"

"Nimesema pacha, Nalongo."

"Yule aliyekufa alikuwa pacha?"

"Ndiyo, nyabo."

"Na ukatuacha tulie?"

Waganda waliokuwamo wakashusha macho. Kwao pacha hasemwi kuwa amekufa. Husemwa ameruka, na hakuna kumlilia, kwa maana kilio hicho kinaweza kuwageukia mapacha walio hai. Na Kato hakuwa kantini siku hiyo. Alikuwa amelala ndani na homa tangu wiki ya matanga yale, dawa anakunywa, haamki. Waswa alikuwa kando yangu kwenye mkeka, na kwa mara ya kwanza hakunikanyaga.

"Nimelilia pacha," Nalongo alisema, sauti ikimpasuka. "Kwa mdomo wangu huu, watoto wangu wamenishika! Ndiyo maana Kato haamki. Yokana, umeniulia mtoto."

Musoke akazima mashine. Blanketi moja dirishani lilikuwa limeachia kona, na mwanga uliopita hapo ukamwangukia baba. Nikamtazama mdomo wake. Nilijua ana neno. Baba hakuwahi kukosa neno. Akavua kofia, akaweka fimbo chini.

"Nalongo, hakuna pacha."

"Unasema hivyo unitulize."

"Hakuna pacha kwa sababu sijui huyu mtu anasema nini. Sijui Kifaransa. Tangu mwanzo sijui."

"Unajua! Tumekusikia sisi sote. Sasa unaniona mjinga, unanificha." Akaanza kujipiga kifua kwa ule mkono wenye mwiko.

Hapo ndipo baba alipofanya jambo ambalo harufu ile inanirudishia. Alisimama wima, miguu pamoja, mikono kwenye mishono ya suruali kama wakati wa paredi, mbele ya afande mkuu, mbele ya konstebo wadogo, wake zao na watoto wao, akasema maneno yote ya Kifaransa aliyokuwa nayo.

"Bonjur, habari. Mersi, asante. Pen, mkate. Pwaso, samaki. Sel, chumvi. Arete, simama. Papie, karatasi zako. Pase, pita." Akaishia hapo. "Yamekwisha, Nalongo. Mengine nilitunga. Marita nilimtunga. Fitina ya wakubwa nilitunga. Na pacha nimemtunga sasa hivi, nikiogopa kuchekwa."

Halafu mtu mmoja nyuma akasema, "Pwaso," taratibu, kama anayeionja, na kantini nzima ikapasuka. Walicheka wakiegemeana. Walicheka hadi afande mkuu akatoka nje kuficha uso wake. Nalongo peke yake hakucheka. Alikaa chini kwenye mkeka wetu, mtu mzima katikati ya watoto, akamvuta Waswa kifuani, akapumua kwa nguvu kama aliyetuliwa mzigo kichwani. Mimi nilikuwa natazama kucha za miguu yangu. Nilitamani mkeka unifunike.

Kato alipona. Ilikuwa malaria, dawa ikafanya kazi yake. Lakini baba hakupona jina. Tangu siku ile hadi anastaafu alikuwa Bwana Bonjur. Kwenye bomba la maji watoto walinipanga foleni ya peke yangu: "Mtoto wa Bonjur, tusalimie samaki!" Nilikuwa nikijaza ndoo nusu ili niondoke upesi, nyumbani nagombezwa, kesho tena nusu. Gari la filamu liliporudi, alikuwapo mfasiri mwingine, aliyejua Kifaransa kwelikweli, na watu walisinzia.

Jioni ya siku ile mama alitia makaa kwenye pasi, akainyoosha uniform ya baba kuliko siku zote, mshono kwa mshono. Mimi nikamuuliza kama baba atakwenda kazini kesho. "Atakwenda," akasema. "Watacheka, lakini watacheka nguo ikiwa imenyooka."

Kwa miaka mingi niliiweka hadithi hiyo kichwani hivi: baba alidanganya, akakamatwa. Ndivyo aibu ilivyonifundisha kuisema. Mpaka nilipozaa mimi, nikakesha na mtoto wangu mwenye homa nikitafuta katika moyo wangu ni kosa gani nililomfanyia, ndipo nikaona. Nani alimkamata? Mle ndani hamkuwa na mtu mmoja aliyejua Kifaransa. Uongo wa pacha ulikwisha kukubaliwa, watu wamekaa, filamu inaendelea. Angeweza kusema wazungu hawana mwiko huo. Angeweza kusema lolote, tungemwamini. Alijikamata mwenyewe, akajileta mbele, ili mama mmoja aache kujiona muuaji. Na mimi nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote, nikaona kucha zangu tu.

Prosi alirudi na chai, simu mkononi. Nikamwambia anisomee maisha ya yule marehemu, akanisomea hukohuko kwenye simu. Mama yake alikuwa mshonaji. Alibeba magunia sokoni. Siku moja wenye filamu waliuliza nani anajua kupanda farasi, naye akainua mkono, hajawahi hata kumshika farasi. Alianguka kwenye matope mbele ya watu wote. Wakacheka, wakaona anaanguka vizuri, wakampa kazi. Baada ya hapo akawa polisi, mwizi, mwoka mikate, kila kitu. Alioa mara mbili. Uzeeni alipanda miti ya matunda na hakutaka wageni.

Aliinua mkono, jamani. Nikaiweka chai chini.

"Prosi, angalia kama alikuwa pacha."

"Jaja, pacha tena?"

"Angalia."

Akasogeza kidole juu, akasogeza chini. "Alizaliwa peke yake. Hata ndugu hakuwa naye."

"Basi analilika."

Nikavuta leso yangu hadi usoni. Prosi aliacha kucheka aliposikia nalia kweli. Jiko lilikuwa bado linanuka, uso wangu una joto lile lile la mkekani, na sikujua namlilia nani, yule wa kwenye televisheni au yule aliyesimama kando ya shuka. Kwa kuwa sikuwa na neno la matanga, nikasema yale niliyonayo. Nikanyoosha mgongo kitini, nikayasema kwa sauti, moja baada ya jingine, mbele ya mjukuu wangu, bila kushusha macho. Bonjur. Mersi. Pen. Pwaso. Sel. Arete. Papie.

"Maana yake nini, Jaja?" Prosi akauliza.

Kwenye televisheni koti lile lilikuwa linaondoka mtaani, limetupa mgongo.

"Pase," nikaliambia. "Pita, afande."