Blanketi la Mjane Opal

Moto wa msituni uliposhuka mlimani na kuteketeza nyumba kumi na moja za mtaa wetu, Rhonda Tollefsen, mama wa watoto wanne mwenye mikono ya ufundi kuliko sisi sote, alishona blanketi la viraka kwa siku tatu. Lilikuwa la Opal Krantz, mjane aliyekuwa akilala na wenzake waliounguliwa nyumba kwenye ukumbi wa michezo wa shule. Kwa desturi ya kanisa letu, blanketi kama hilo halitolewi mpaka kila muumini afunge fundo moja la uzi huku akimwombea atakayelipokea.

Ijumaa Rhonda alituletea blanketi kanisani. "Jamani, tufunge leo. Opal anahamia kwa bintiye kesho."

"Mafundo ni Jumapili baada ya ibada, dada," alisema Verla, mwenyekiti wa akina mama. "Kwani Mungu ana haraka?"

"Mungu hasikii baridi, Verla. Opal anasikia."

Wengine walicheka. Hakuna aliyeshika uzi, nami nikiwamo. Rhonda alilikunja blanketi, akaenda nalo shuleni, na waliounguliwa nyumba ndio waliofunga mafundo yote.

Jumapili tuliimba juu ya upendo. Kisha Verla akamshtaki Rhonda kwa mchungaji, naye akamtaka aombe radhi mbele yetu.

Rhonda alisimama. "Nisameheni," alisema. "Nilikosea kuwaomba ninyi kwanza."

Akaketi. Mimi, niliyejua haki iko wapi tangu Ijumaa, nilitazama sakafu.