Kompyuta Kongwe Ilimfuturisha Bi Raya, Nami Nikanyamaza

Kosa ni langu. Nalisema mwanzo kabisa, asije mtu akanionea huruma akailaumu mvua, au umeme, au kompyuta. Vyote hivyo vilikuwapo siku ile. Lakini aliyejua ni mimi, na aliyenyamaza ni mimi.

Jina langu sitoi, na majina ya wenzangu nimeyageuza. Naogopa, ndugu zangu! Si hofu ya kukamatwa wala ya kupigwa. Ni hofu inayokaa nami dukani, inayokula nami, ambayo nikisujudu huiona imetangulia kusujudu.

Nina duka dogo Madungu, hapa Chake Chake. Nachapa barua, natoa kopi, nawafungulia watu kurasa za matokeo na za maombi ya vyuo, nawawekea kasida na video za harusi kwenye flashi. Yote hayo kwa kompyuta moja yenye Windows XP. Ndiyo, XP! Windows mpya haikubali kuingia humo. Mashine ni dhaifu, nami sina nyingine.

"Yakhe, hiyo kompyuta au maiti?" fundi simu wa mlango wa pili alikuwa akinitania.

"Maiti huyu ndiye anayenilisha," nilikuwa nikimjibu, tukicheka.

Nilijivuna nayo, sifichi. Brauza zote kubwa, zile programu za kufungulia kurasa za mtandao, zilishaitupa XP zamani. Unafungua ukurasa, unapata ukuta mweupe. Nikatafuta hata nikaipata brauza iliyotengenezwa na watu wa kujitolea, watu wasioonana, kila mmoja na nchi yake, ambao bado wanazionea huruma mashine kama yangu. Nikaipakua kwa simu, nikaihamisha kwa flashi, ikafunguka! Programu ya video nayo niliijaribu toleo baada ya toleo. Kabla ya kulipata linalokubali, video za harusi kutoka simu mpya zilikuwa zikitoa sauti bila picha: vigelegele vitupu kwenye kiza.

Ila mashine kongwe ina maneno mengi. Kila ukiiwasha inakuonya. Mfumo huu hauna ulinzi tena. Cheti cha ukurasa huu hakiaminiki. Saa ya kompyuta yako si sahihi. Mimi nafunga. Linatoka jengine, nafunga. Mkono wangu ulijifunza kufunga maonyo kabla jicho halijayasoma.

Hilo la saa lilikuwa la kweli. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo, kama shilingi, inayoihifadhi saa mashine ikizimika. Yangu ilikufa. Umeme ukikatika, kompyuta inaamka ikidhani ni mwaka iliotengenezwa, na brauza inakataa kila ukurasa, kwa kuwa kwake yeye vyeti vya kurasa hizo, vinavyothibitisha kuwa ni za kweli, havijazaliwa. Dawa yake ni kuirudishia tarehe kwa mkono. Tarehe ikiwa sawa, kurasa zinafunguka. Saa na dakika nilikuwa naweka kwa kukisia tu. Brauza haijali dakika. Betri nitanunua kesho, nilikuwa nikisema. Kesho hiyo ilikwenda hata Ramadhani ikaingia.

Sasa nimtaje Bi Raya.

Mlango wake wa uani ulitazamana na dirisha la duka langu. Kati yetu ni uchochoro wa kupita mtu mmoja na ndoo yake. Bibi mzima, macho yameingia ukungu, masikio mazito, anakaa peke yake kwa kutaka mwenyewe. Mwanawe, Hamad, alikuwa Micheweni akilima mwani. Kila akimwomba ahamie kwake, Bi Raya humjibu, "Mie na nyumba yangu, weye na mwani wako."

Tena alikuwa wa upande mwengine. Mnajua ninachosema. Uchaguzi ulikuwa umepita karibuni, na uchochoro ule uligawika: kwetu tunajulikana tuko wapi, kwao wanajulikana wako wapi, na salamu zilikatika. Kuna watu waliotembea kwenda mbali kutoa kopi ili wasitoe kwangu. Bi Raya peke yake hakugeuka. "Hamjambo huko kwa wenye bendera?" alikuwa akinipigia kelele asubuhi, kisha anacheka mwenyewe.

Ramadhani hiyo niliweka programu ya adhana kwenye kompyuta, nayo ya kizamani, inayofuata saa ya mashine. Kuanzia alasiri nacheza Qur'ani kwenye spika ya barazani, na magharibi ikifika adhana inajitoa yenyewe. Siku ya kwanza tu Bi Raya akaniita.

"Ntoto wangu, huo nsikiti uko bondeni, mie siusikii. Hebu n'geuzie spika huku kwangu."

Nikaigeuza. Tokea siku hiyo alikaa juu ya kigoda chake mlangoni, tende mkononi, akiingoja adhana ya kompyuta yangu. Mtu mzima wa umri ule, saumu yake ameikabidhi mashine ambayo mimi mwenyewe nilijua haijui saa!

Ikaja siku ya mvua. Masika yalikuwa yamekolea, wingu limeshuka mpaka kwenye mapaa, na jua hakuna aliyeliona tokea mchana. Umeme ulikatika, ukarudi. Alikuwapo kijana akisubiri ukurasa wa maombi ya chuo, analia kwamba mwisho ni leo. Nikaiwasha kompyuta mbio mbio, nikaweka tarehe, saa nikaikisia, ukurasa ukafunguka, kijana akajaza, akashukuru, akaenda zake. Onyo la saa lilitoka tena. Nikalifunga.

Adhana ilipojitoa nilikuwa nafagia. Nikachukua tende yangu. Ilikuwa imeshafika mdomoni nilipotupia jicho simu.

Bado! Bado kabisa! Mashine ilikuwa imetangulia, si kwa dakika nyingi, lakini magharibi haijaingia.

Nikairudisha tende yangu sahanini.

Nisikilizeni hapo, maana hapo ndipo nilipoangamia. Yangu niliirudisha. Nikainua macho, nikamwona Bi Raya anatikisa midomo, anasoma dua yake, polepole, kama asiye na haraka na dunia. Nilikuwa na nafasi! Neno moja tu lilitosha. "Bado, Bi!" Angeshusha mkono. Angenicheka.

Lakini niliona pia mlango wa jirani uko wazi, na nikawasikia kwa akili yangu watakavyosema. Mtoto wa wale amemfungulisha bibi wa watu kusudi. Wameshatuchukulia kura, sasa na saumu. Nikaogopa. Koo langu likafungwa kama nilivyozoea kufunga yale maonyo.

Bi Raya akala tende. Akanywa maji.

Nikaipunguza spika sauti. Si muda, adhana ya msikiti ikapanda kutoka bondeni, na safari hii upepo ukaileta hata kwake.

"Hee! Mbona nsikiti umechelewa leo?"

"Wamechelewa, Bi. Mvua hii."

"Na weye mbona hufuturu?"

"Nafunga duka kwanza."

Uwongo mara mbili, na tende ya mtu imo tumboni.

Siku ya Idd aliniita nikale tambi. Nilikuwa nimeshapanga kumwambia, wallahi nilipanga. Akanishika mkono kwa viganja vyake viwili, uso umemkunjuka, akasema, "Mwaka huu nao nimezitimiza, ntoto wangu. Umri wangu huu, lakini sidaiwi hata siku. Nikiitwa naondoka mwepesi."

Nikasema, "Allah akutakabalie, Bi." Nikala tambi zake.

Alifariki kabla ya Mfunguo Nne, mwezi wa nne baada ya Ramadhani, kwisha. Homa ndogo tu. Watu wa pande zote walikuja, hata wale wasioamkiana, na kabla ya kuswaliwa Hamad akasimama mbele yetu, kanzu imelowa jasho, akauliza kama inavyoulizwa kwetu.

"Kama kuna aliyekuwa akimdai mama, kikubwa au kidogo, aje kwangu. Mimi mwanawe nipo. Sitaki aende na deni."

Mimi nilikuwa safu ya tatu. Anadaiwa! Anadaiwa siku, na mdai wake si mwanadamu, na shahidi ni mimi peke yangu! Hamad akangoja. Akatazama safu hadi safu. Macho yake yakanipita.

Tukamzika.

Baada ya hapo nilijaribu kujiokoa kwa siri. Nilifunga siku moja kwa ajili yake, sikumwambia mtu. Magharibi nikajisemea, yamekwisha. Nilipokishika kikombe nikasikia uchochoroni "Ntoto wangu!" Hakukuwa na mtu. Maji yalinimwagikia.

Nikamwendea shehe wetu baada ya alasiri. Nikamsimulia kama habari ya mtu mwengine, kama tunavyofanya wote wenye woga.

"Aliyekula akidhani jua limezama, kisha ikabainika halikuzama, ana siku ya kulipa," alisema. "Akifa hajailipa, walii wake, yaani jamaa yake wa karibu, humfungia. Au mtu mwengine, kwa idhini ya walii."

"Na asipoomba idhini?"

"Basi kafunga yake mwenyewe."

"Lakini bibi huyo hakujua, shehe."

"Yeye hakujua, na Mola ni msamehevu. Mimi siogopi kwa ajili ya huyo bibi." Akanitazama vizuri. "Namwogopea aliyejua."

Niliondoka pale viatu mkononi. Niliendesha pikipiki ya kuazima mpaka Micheweni, na njia nzima nilikuwa nikiomba ipate pancha.

Hamad nilimkuta na mkewe wanaanua mwani, mvua inataka kunyesha. Nikawasaidia kukunja turubali. Mikono ikiwa na kazi, ulimi ukapata ujasiri kidogo.

"Hamad, siku ile uliuliza nani anamdai mama."

"Niliuliza. Unamdai?"

"Simdai. Mimi ndiye niliyemtia kwenye deni."

Nikayasema yote: betri, tarehe, kijana wa chuo, spika. Mkewe aliweka kikapu chini, akasema "Subhanallah" kwa sauti ndogo. Hamad hakuacha kukunja.

"Uliiona saa?"

"Niliiona."

"Na tende yako?"

"Niliirudisha."

"Uliirudisha." Akasimama wima. "Na mamangu?"

Nikainamia turubali.

"Ni kwa ile siasa yenu?"

"La, wallahi! Niliogopa watu watasema ni hiyo."

"Kwa hiyo uliwaogopa watu."

"Niliwaogopa watu."

Nilipomwomba idhini nimfungie mama yake, akatikisa kichwa. "Sikupi. Mama anaye mtoto. Siku yake naifunga mie, Alhamisi, na nitafuturu pale pale alipokaa. Weye yako kaishughulikie na Mola wako."

Alhamisi akaja. Alasiri yote alikaa kwenye kigoda cha mama yake, tende mkononi, uso umeelekea dirisha langu. Betri mpya nilikuwa nimeshaitia. Kompyuta na simu zilikubaliana saa na dakika. Spika niliizima.

Jua likashuka. Uchochoro ukaingia rangi ya chai. Hamad akaita.

"Haya! Nifuturu?"

Nilikuwa na saa ya kompyuta na ya simu mbele yangu, zote sahihi, na mdomo ulikataa kufunguka! Kila nikitaka kusema ndiyo niliuona mkono wa Bi Raya unapanda. Nikatoka dukani. Nikakimbia. Nilishuka bondeni miguu mitupu mpaka mlango wa msikiti, nikasimama nahema mbele ya muadhini mpaka nikamwona kwa macho yangu anashika sikio, nikamsikia kwa masikio yangu anaanza. Nikarudi mbio nikipiga kelele kama mwehu.

"Tayari! Tayari, Hamad! Tayari!"

Watu walitoka milangoni. Wa upande wetu na wa upande wao. Wote walinitazama, nami sikujali, kwa mara ya kwanza.

Hamad akala tende ya mama yake. Akanywa maji. Hakunikaribisha. Alipoinuka kwenda kuswali alisema, bila ya kunitazama, "Ya mama imekwisha." Akapiga hatua, akasimama. "Alikuwa akikupenda."

Neno hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote.

Wenzangu mnaozihuisha mashine za zamani, zihuisheni, sisemi mzitupe. Lakini zikiwaonya, someni. Msiuzoeze mkono kufunga. Mimi niliuzoeza mkono, na koo nalo likajifunza.

Na ukimwona jirani yako ana tende mkononi, nawe unajua bado, piga kelele! Wakujue mtaa mzima, wakuseme, wakuhame. Piga kelele kabla haijafika mdomoni!