Kaka wa Kazan na Chapati za Jumamosi

Nilikuwa mtoto wa pekee kwa miaka kumi na tano, na kazi hiyo niliifanya vizuri sana. Hakuna aliyelalamika. Halafu Jumamosi moja, nikiwa nimevaa soksi mguu mmoja, nikaambiwa mimi ni mdogo wa mtu.

Nianze na Jumamosi zenyewe. Mama anafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Rockville, huku ughaibuni tunakoishi. Jumamosi asubuhi anarudi kwetu Adelphi amechoka mpaka viatu anavivulia kwenye ngazi, anaingia navyo mkononi kama mtu aliyekamata samaki. Mimi nampashia chapati alizosukuma Ijumaa, nachemsha chai ya maziwa yenye tangawizi, na kabla hajaenda kulala namchekesha. Hiyo ndiyo ilikuwa ajira yangu. Wiki nzima nilikuwa naokota vituko shuleni: mwalimu wa hesabu anayeongea na projekta ikigoma, mkuu wa shule anavyotembea kama amebanwa. Vyote nilimletea yeye.

Mama yangu hacheki ovyo. Ana kicheko cha adabu, hicho anawapa wazee wake na majirani. Ana kingine, kinaanza bila sauti, mabega yanatikisika, halafu kinatoka “ssssss” kama sufuria ya presha. Hicho kilikuwa changu. Nilikuwa najua hivyo kama ninavyojua kitanda changu.

Basi dada yake mkubwa, aliyeko Tanga, akampeleka mwanawe Urusi kusomea udaktari, katika mji unaoitwa Kazan. Kijana akafika, akakaa, akaanza kuona upweke, na siku ya mapumziko akapiga simu ya video. Mama akaisimamisha simu kwenye kopo la sukari, picha akairusha kwenye televisheni. Mara sebule yetu yote imejaa uso wa mtu mwenye kofia ya manyoya na barafu kwenye nyusi.

“Mwamkie kaka yako,” mama akaniambia.

“Kaka gani? Huyu si binamu?”

“Binamu ni wa mjomba na wa shangazi. Mtoto wa dada yangu ni mwanangu. Sasa mwanangu ni nani yako?”

Nilijaribu kutafuta mlango wa kutokea kwenye swali lile. Haukuwepo.

“Shikamoo,” nikaiambia televisheni.

“Marahabaaaa,” akaivuta kama bigijii ya kutafuna. “Hujambo, mdogo wangu? Unasoma kwa bidii?”

Kanizidi miaka mitano tu, wallahi, lakini aliitikia kama babu wa ukoo mzima.

Tokea hapo kila Jumamosi ikawa ziara. Kule mchana, huku asubuhi. Anatoka bwenini kwao, anapanda tramu mpaka mtaa wa zamani wa Watatari, Waislamu wa kule, anatembea na simu mbele, na mama yangu anatembea naye akiwa amekaa kwenye sofa, miguu juu ya mto.

Na mtaa wenyewe, sitasema uongo, ni mzuri, na ndicho kilichonikera zaidi. Nyumba za mbao, moja buluu, moja kijani, moja njano ya kiini cha yai, zimepangana kwenye theluji kama pipi zilizomwagika kwenye sukari. Madirisha yamechongwa nakshi. Kuna msikiti wa siku nyingi ambao mnara wake umeota katikati ya paa. Mama alipomsikia mwadhini kwenye baridi ile alijifunga mtandio vizuri, eti kana kwamba wanamwona. Pembeni kuna ziwa limeganda na watu wanatembea juu yake wakienda zao.

“Mamdogo, tazama dirisha hili,” akasema siku ya kwanza. “Nakshi yote hii, kumbe kazi yake ilikuwa kumchungulia jirani kwa heshima.”

Nilikuwa jikoni. Nikasikia: “ssssss.”

Chapati ikaniungulia.

Nikajipa moyo kwamba ni bahati. Hata saa iliyokufa hupatia mara mbili kwa siku. Lakini wiki iliyofuata akaingia kwenye duka la mikate, akanyanyua kitu chenye pembe tatu, ndani nyama na viazi. Mama akaruka. “Jamani, sambusa!”

“Ni sambusa, mamdogo, ila baridi imeipiga, imejikunyata.”

“Ssssss.” Na kofi moja kwenye paja, ambalo mimi sijawahi kupewa hata nilipomwigiza mkuu wa shule akipanda baiskeli.

Nikaanza vita. Kwanza nilitumia hoja. Nilimwambia, “Mama, watu wanapanda ndege kuja kuuona mji mkuu huu tunaoishi jirani nao. Mtaa wa Georgetown una nyumba za zamani mpaka basi. Twende wote.”

“Miguu yangu, baba. Kaka yako ananitembeza nimekaa.”

Hoja zikashindwa, nikahamia kwenye kelele. Jumamosi moja, ziara ikiwa imenoga, nilitoa mashine ya kufyonza vumbi nikapita nayo mbele ya sofa, nyuma ya sofa, chini ya sofa. Mimi, ambaye kazi hiyo sijawahi kuifanya bila kutishiwa. Kwenye televisheni yule bwana akasimama katikati ya theluji, akatega sikio.

“Mamdogo, mmeanza kulima? Hilo trekta la nani?”

Mama alicheka mpaka akaomba maji. Nikaenda kuyaleta mimi. Fikiria: kichekesho nimempelekea mwenyewe, akakitumia, na mimi nikawa mhudumu wa maji. Usiku ule nilipanga kumchukia kwa utaratibu, lakini nikagundua nakumbuka utani wake wote kwa mpangilio. Ile ya sambusa niliipeleka shuleni nikasema yangu. Ikapata kicheko kikubwa, mshenzi yule.

Kibaya zaidi ni kwamba mama alikuwa akimaliza kutazama Kazan anasema, “Haya, nikalale,” na chai yangu imebaki nusu kikombe na utando juu. Vituko vyangu vya wiki vikaanza kuniozea mdomoni.

Halafu ikaja Jumamosi ya baridi kali, kwao, siyo huku. Tulimwona kope zimeganda. Alikuwa ndio kwanza amefika mbele ya nyumba ya buluu, ile kubwa yenye geti la kijani, anasema, “Sasa hapa, mamdogo, kuna kisa…” Picha ikakwama, kisha skrini ikawa nyeusi. Simu yake imeuawa na baridi.

Kwenye skrini ile nyeusi nikamwona mama amejitokeza kama kwenye kioo. Alionekana mtu mwingine. Sura ya mtu aliyegeuza wazee kitandani usiku kucha, na sasa ameshushwa kwenye basi kabla ya kituo chake. Akateremsha mguu mmoja kutoka kwenye mto. Ukishuka na wa pili, anakwenda kulala, na wiki yangu imekwisha hivyo.

Nikakimbia. Nikachukua kofia yake ya kuogea nikaivaa, nikavaa koti lake la kazini, nikachomoa mwiko kwenye sufuria ya mchuzi wa jana. Kwenye kundi letu la familia kulikuwa na picha ya nyumba ileile ya buluu, kaka mwenyewe aliituma. Nikairusha kwenye televisheni.

“Mabibi na mabwana,” nikasema, “kaka yetu ameganda. Wenzake wanampasha moto kwenye mikrowevu. Wakati tunasubiri alainike, ziara inaendelea na mimi.”

Mguu wa pili ukabaki hewani.

“Nyumba hii ilikuwa ya mfanyabiashara wa chai. Alikuwa na wake wawili na birika moja. Ndiyo maana mnaona milango miwili, na ule ufa pale juu ndipo birika lilipogonga.”

Kicheko cha adabu. Kile cha majirani. Jasho likaanza kunitoka chini ya kofia ya nailoni.

“Na kidirisha hiki cha pembeni,” nikasonga mbele, mwiko unadondosha mchuzi kwenye zulia, “hapa aliishi mama mmoja aliyekuwa akifanya kazi usiku. Anarudi asubuhi, viatu mkononi. Mwanawe amemchemshia chai, amemwekea vituko wiki nzima. Yeye akifika, anakwenda kuchungulia dirisha la jirani.”

Sikupanga kusema hivyo. Mdomo wangu una tabia ya kutangulia. Mama akanitazama, hakucheka hata kile cha adabu.

“Na huyo mwana,” akauliza polepole, “alifanyaje?”

“Akaleta trekta.”

Mabega yakaanza. Nikayaona yanatikisika, moja, halafu yote mawili, na sauti haijatoka. Nikasubiri kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Ikatoka: “Sssssss!” Mtandio ukamwanguka. Kofi kwenye paja, tena mawili. “Njoo hapa, mwehu wewe,” akasema, “na usinimwagie mchuzi.”

Ndipo simu ikaita. Sebule ikajaa tena uso wa mtu mwenye nyusi nyeupe, amesimama mlangoni mwa duka.

“Mamdogo, samahani, simu ilizimia, nimeifufua kwa kuiweka kwapani. Nilikuwa nasema, nyumba hii…”

“Ngoja kwanza, baba,” mama akamwambia, anafuta machozi. “Mwenzako yuko katikati ya ziara.”

Ngoja! Ningeomba neno hilo liandikwe kwenye fremu tulitundike sebuleni. Nikamgeukia nimuone anavyoumia. Hakuwa ananitazama mimi hata kidogo. Macho yake yalikuwa chini, kwenye sahani iliyokuwa mbele ya kopo la sukari.

“Hizo ni chapati?”

“Ndiyo,” mama akasema.

“Za kusukuma au za maji?”

“Za kusukuma.”

Akasogeza uso karibu na simu yake. Kumbe wiki zote zile, mimi nikimezea mate nyumba zake, yeye kwenye pembe ya picha alikuwa akitazama sahani yetu.

“Kila mara mnazifunika,” akasema. “Sogezeni kamera kidogo.”

Hapo mtu mwema angesogeza kamera.

“Ziara hii ina masharti,” nikasema, nikaweka sawa kofia yangu ya kuogea. “Mgeni anamwamkia mwongozaji kwanza.”

Akavua kofia yake ya manyoya, kwenye baridi ile, akainamisha kichwa mpaka tukaona utosi.

“Shikamoo, mheshimiwa.”

Mama akalia kwa kicheko, akaangukia upande wa pili wa sofa. Kirefu kuliko changu. Nilikisikiliza mpaka mwisho, na kilikuwa kirefu kuliko changu.

“Marahaba,” nikasema. Nikamega chapati, nikaichovya kwenye chai, nikaisogeza taratibu mbele ya simu mpaka mvuke ukafanya ukungu kwenye kamera. “Tuanzie hapa. Huu ni mtaa wa kihistoria wa Adelphi.” Kisha nikaila, polepole sana.