Gari Lililovuliwa Kofia

Nilipohama Iringa kuja Mbeya, nilinunua gari refu la zamani pale Ilomba, umri wake sawa na wa mama yangu, nikawa naenda nalo kazini kila siku. Muungurumo wake ungeweza kuamsha Tanzania nzima. Lakini kila nilipopita kwenye ukungu wa asubuhi, watu walisimama kando ya barabara, wanaume wakavua kofia, kimya. Mimi msomi wa masomo ya jioni nikajua wanaheshimu gari la kale. Nikawa nawaitikia kwa kichwa kama rais.

Asubuhi moja mke wangu alishikwa na uchungu. Nikamlaza kiti cha nyuma, tukaondoka kwenda hospitali. Nilipopunguza mwendo kwenye tuta, mama mmoja muuza ndizi akainama dirishani.

“Pole, baba. Leo umembeba nani?”

“Mke wangu, mama.”

“Maskini! Pole sana. Mwenye gari hili wa zamani alikuwa akitubebea majeneza humu, kila msiba. Sijawahi kuliona limebeba abiria aliye hai.”

Nikageuka kumwita mke wangu. Hakuitika. Nikamwita tena.

“Nimesikia,” akasema kwa shida. “Niinue.”

Nikamketisha. Akatoa mkono dirishani, akaanza kuwapungia wote waliosimama kwenye ukungu. Hakuna aliyempungia, walizidi tu kuinamisha vichwa. Uchungu ulimbana, akauma meno, lakini mkono hakuushusha mpaka mlango wa wodi ya wazazi.