Uwanja Uliomwagiwa Maji

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwa simu msichana akicheza densi juu ya barafu na mwanaume. Alirushwa, akaanguka, akainuka akitabasamu.

"Susu," akasema, kama Wakamba tunavyomwita nyanya, "huyo aliacha mashindano baada ya hapo. Goti liliharibika."

Nikamkumbuka dada yangu Mumbua, aliyeshindia kwetu Kasikeu mashindano ya ngoma kila mwaka. Alasiri moja, mimi nikiwa bado mtoto, akina mama walikuwa wamemwaga maji uwanjani ili vumbi lisipande, kama kawaida yetu, na harufu ya udongo mbichi ilikuwa tamu. Firimbi ikalia. Mwenzake wa kucheza akamrusha juu. Aliposhuka, mguu uliteleza kwa tope, akabaki amelala, paja limepinda vibaya.

Nilidhani ni mtindo mpya. Nikapiga vigelegele, watoto wenzangu wakafuata.

Mumbua akanitazama, akasema polepole, "Mwite mama."

Nilifikiri anataka mama naye aone. Nikakimbia nikicheka. "Mama, kuja uone Mumbua vile anacheza."

Mfupa uliungana vibaya. Hakucheza tena, na ngoma ikisikika kutoka Malili, jirani zetu, alikuwa anaingia ndani na kufunga mlango.

Mjukuu aliuliza kama anirudishie ile sehemu ya kuanguka. Nikamwambia azime hiyo simu.